Ndui za Babu Kivulini

Mwanangu, bado hujazaliwa, unampiga tu mama yako mateke, na mimi baba yako hata ndevu hazijakaa sawa. Lakini nina jambo la kukuusia, na nikisubiri nizeeke nitasahau utamu wake.

Naikumbuka siku niliyotoka hapa Sofu, Kibaha, kwenda Kisarawe kwa bibi yangu, nimebeba picha ya babu kwenye bahasha kama niliyebeba mayai. Asili yake ilikuwa slaidi, kile kipande cha filamu chenye kifremu cha karatasi, unachokitazama kwa kukielekeza dirishani. Babu amesimama barazani, shati jeupe linang'aa, uso umo kivulini. Picha nyingine hakuacha. Na macho ya bibi yalikuwa yanaisha, daktari alishamwambia hayatarudi. Alitaka amuone mumewe kabla ya giza, basi.

Nina skana kuukuu ya filamu, na ndoto ya kufungua studio ambayo mama yako ameshachoka kuisikia. Nilikuwa nimeiskani ile slaidi, nikauongezea uso mwanga. Loo! Zikamwagika chenga nyekundu na kijani, kama televisheni iliyokosa antena. Sehemu nyeusi ya filamu hupitisha mwanga kidogo mno, skana inababaika. Nikabonyeza kitufe cha kusafisha, uso ukawa laini kama wa mtoto mchanga.

"Umempaka marehemu poda," mama yako alicheka. Nikajifanya sijasikia.

Bibi aliisogeza picha mpaka ikakaribia kugusa pua. Yeye huniita mume wangu, ndivyo bibi na wajukuu tunavyotaniana kwetu.

"Mume wangu, huyu kijana wa wapi?"

"Si babu huyo, bibi!"

"Babu yako alikuwa na makovu ya ndui uso mzima. Nikimgusa shavu gizani, najua ni yeye. Huyu umemtoa dukani." Akanirudishia polepole. "Usinifutie mtu wangu, baba."

Njia nzima ya kurudi, mwanangu, niliyawaza makovu hayo. Kumbe ndani ya zile chenga mlikuwa na ndui! Sasa nitazitenganishaje?

Nikairudisha slaidi kwenye skana, nikaiskani tena na tena bila kuigusa, halafu nikazilinganisha picha. Mara nikapiga kelele mpaka mama yako akaacha chungu jikoni. Chenga zilikuwa zinahama! Kila picha zimekaa pengine. Lakini vile vidoti vya mashavuni havikuhama hata kidogo. Nikaiachia kompyuta izipange picha zote moja juu ya nyingine, ichukue wastani wake. Chenga zikafifia, zikafifia, ndui zikabaki. Kivuli nikakiacha kiwe kivuli, sikukilazimisha kiwe mchana.

Nikaichapisha, nikarudi nayo Kisarawe kwa bibi. Kidole chake kikatembea kwenye lile shavu la karatasi, kikasimama.

"Ndiye," akasema. Kisha akanisukuma begani, machozi na kicheko pamoja. "Haya, mume mdogo, rudi kwenu. Mwenye nyumba amekuja."

Leo haoni tena. Picha iko ukutani kwake, na kila mgeni akishampa shikamoo huambiwa aitazame kwa niaba yake.

Basi mwanangu, ukikutana na jambo lililojaa chenga, pengine mtu amesemwa vibaya, pengine moyo wako wenyewe umechafuka, usikimbilie kufuta. Tazama tena. Kesho tazama tena, bila haraka. Cha uongo hakitulii mahali pamoja. Kinachobaki palepale ndicho chenyewe, kipende hata kama ni kovu.

Mwenyezi Mungu akupe macho yenye subira na watu wa kuwatazama kwa muda mrefu. Akufikishe kwetu salama. Na uje na uso wowote ule, kitukuu wa mwenye ndui, hatutakufutia kitu.