Kizazi Zedi cha Mzee Falaniko

Mzee Falaniko alikwenda Auckland kumzika binamu yake. Wenzake walirudi Savaii, kisiwa chao cha Samoa, na mablanketi, yeye akarudi na neno la kuwaitia vijana wa siku hizi: kizazi Zedi. Tangu hapo kijiji hakikupumua. Nguruwe wakivunja ua, kizazi Zedi. Nazi zikioza chini, kizazi Zedi. Alikuwa chifu wa ukoo wake, na barazani aliwaimbia machifu wenzake hayo hayo mpaka wakapitisha sheria: atakayewasha simu saa ya sala ya jioni atanyang'anywa, na ukoo wake utatoa katoni za samaki wa kopo.

Yeye mwenyewe simu haikumtoka mkononi. Hiyo haikuhesabiwa, eti yake ilikuwa ya kusomea habari.

Jioni moja ukoo ulikuwa umeketi katika nyumba yao isiyo na kuta, Telesia, binti wa dada yake, akiongoza wimbo. Falaniko aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Mapajani, katika mikunjo ya shuka lake, alikuwa akitazama raga. Timu yake ikafunga, mtangazaji akapiga ukelele, na vijana waliosimama barabarani kulinda sala wakageuka wote.

Asubuhi baraza likakaa.

"Mzee mwenzetu, simu ya nani ile?"

"Ya nani tena? Ya Telesia! Si mnawajua, kizazi Zedi hawa!"

Kijiji kizima kilikuwa kimemsikia Telesia akiimba. Ni binti gani huyo anayeongoza wimbo huku anatazama raga? Hakuna aliyeuliza. Wakishasikia neno lile, ushahidi wa nini? Wakatikisa vichwa vyao vizito, na Falaniko akakabidhiwa simu ya binti aitunze.

"Mjomba, unajua si mimi," Telesia alimwambia. "Nipe adhabu yoyote, ila simu niachie. Mama atanipata vipi?"

"Ndiyo maradhi yenu hayo! Siku moja bila simu mnakata roho?"

Mama yake, Makerita, alikuwa Queensland, Australia, akichuma stroberi, na kila siku baada ya sala alimpigia mwanawe. Falaniko alilijua hilo vizuri sana. Hata samaki wa faini walinunuliwa kwa pesa za Makerita.

Jioni ile simu ya Telesia ililia, Falaniko akainyamazisha. Jioni ya pili yake ikalia tena. Telesia alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, akiosha sahani aliyotumia mjomba wake kula. Akipewa simu atamwambia mama yake yote, habari zitarudi kijijini, na baraza litacheka. Falaniko akapokea mwenyewe.

"Kaka? Mbona wewe? Telesia yuko wapi? Jana nimepiga mpaka nimechoka." Makerita aliuliza haraka haraka. "Ananikwepa? Nimemkosea nini mwanangu? Niambie ukweli, kaka."

Kwao dada hadanganywi. Afadhali mtu akaibe kanisani. Falaniko alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeonewa na dunia.

"Nikwambie nini, dada yangu? Yuko hapa hapa, nimemwita, hataki. Ndivyo walivyo, kizazi Zedi."