Anamkwepa Nani?

Msimu ule nyumba yetu ya Ipyana ilinuka kakao inayochachuka. Baba aliijaza kwenye masanduku ya mbao na kuifunika kwa majani ya migomba, na harufu yake kali, kati ya pombe na siki, iliingia mpaka kwenye sare yangu ya shule. Mvua haikukatika. Kaka yangu alikuwa Kasumulu, mpakani, akipakia mizigo kwenye magari, na mkewe, wifi Tumpe, aliishi nasi. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amefariki kabla hajajua kutambaa, akazikwa nyuma ya migomba. Matanga yalipoisha watu walirudi mashambani, na wifi akarudi jikoni.

Kwetu, wakati ule, mke hakukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja, alijifunika kanga, akaacha njia na kuingia migombani mpaka mzee apite. Baba naye alikohoa kwa makusudi kila alipokaribia uani, kama dereva anayepiga honi kwenye kona. Wifi aliitimiza desturi hiyo vizuri kuliko wanawake wote wa kijiji, na mama alijisifu kwa majirani.

Shuleni tulikuwa tunasoma riwaya ya zamani, nakala chache zisizo na jalada. Mwalimu Zuhura, binti wa mwenye duka mjini Kyela, alituambia tueleze hali ya nafsi ya mke mdogo katika riwaya ile: mwanamke anayekula mwisho, anayetumia mlango wa nyuma, anayenyamaza watu wakiingia. Mimi, mtaalamu wa fasihi mwenye umri wa kufua soksi zake mwenyewe, nilijaza kurasa kuhusu adabu yake na kuzisoma mbele ya darasa kwa sauti ya mchungaji.

"Mkwe kama huyo hata baba yangu angempenda," alisema Ambakisye kutoka nyuma.

"Angemwona wapi? Si angekuwa migombani!" alidakia jirani yake.

Darasa likacheka. Mwalimu alisubiri mpaka tukanyamaza.

"Baba mkwe wake alikufa sura ya pili," alisema. "Mazishi yake mmeyasoma wote. Sasa niambieni, wanangu, kitabu kizima kilichobaki anamkwepa nani?"

Mzee tulikuwa tumemzika wenyewe, kisha tukaendelea kumfichia mkwe wake, kwa kuwa kwetu mwanamke anayejificha hakuhitaji kuelezwa.

"Huyu anazama," alisema Mwalimu. "Nanyi mnampigia makofi."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilipofika, nilimwona wifi akipita nyuma ya nyumba na ndoo ya maji, kanga imemfunika uso, mvua inamnyeshea. Uani palikuwa pakavu chini ya paa, na hapakuwa na mtu ila mama akipepeta mchele.

"Mama, wifi anapita nyuma."

"Ulitaka apite kichwani kwangu? Mwenzio ana heshima. Wewe watakurudisha kabla ng'ombe wao hawajazoea zizi letu."

"Baba yuko Ngana, mama. Msibani."

Ungo uliendelea kidogo, kisha ukasimama.

"Tangu Jumapili," mama alisema, na hakuwa anasema na mimi.

Tulimkuta wifi kwenye kaburi dogo. Ndoo ilikuwa imeanguka na yeye alikuwa ameketi kwenye matope, akitazama mbele kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilijiandaa kusikia maswali. Mama hakuuliza hata moja. Aliketi kando yake na kitenge chake cha kanisani, matope yakakipanda. Mvua ilitunyeshea sote. Baadaye wifi alisema, "Ndaga, mama," yaani asante, na baada ya neno hilo akaanza kulia, kilio ambacho hakukilia siku za matanga. Usiku huo mama alihamishia godoro lake chumbani kwa wifi. Kaka aliitwa, akaambiwa magari ya Kasumulu yatajipakia yenyewe. Wifi alipona polepole sana, kwa kurudi nyuma na kwenda mbele. Yupo mpaka leo, na ana wajukuu.

Chuo kikuu kilinipa neno sonona kwa ugonjwa ule wa wifi, na mengine marefu zaidi, na nimewahi kuyatumia kumnyamazisha kila mtu mezani. Kyela ya leo wakwe wanampa baba mkwe mkono, wanaketi naye kochi moja mbele ya televisheni, na sijawahi kuitamani ile desturi irudi. Ila siku hizi mtu anaweza kujificha akiwa ameketi katikati ya sebule. Mkwe wangu mwenyewe, aliyeolewa Mbeya, hunipigia simu kila asubuhi: shikamoo mama, sisi wazima. Juzi nilimwuliza habari ya mume, ya kazi, ya usingizi, ya mimba iliyoharibika. Alinijibu yote vizuri, bila kusita, kama mwanafunzi aliyekariri. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikaenda kutafuta basi la Mbeya.