Mchezaji Mbovu wa Binti Yangu

Baba ya watoto wangu aliuawa kwenye barabara ya Fizi, vita vya pili vya Kongo vikiwa bado havijaisha. Nilivaa nguo nyeusi, nikakaa nyumbani, mjini Baraka. Kwetu mjane hasimami penye watu wanaofurahi mpaka kilio kimalizwe.

Binti yangu wa miaka kumi na tano hakukaa. Kila mchana alikuwa karibu na bandari, katika chumba cha mabati chenye jenereta, televisheni na mchezo wa video wa mpira. Mwalimu akanitumia habari: hesabu zimemshinda, akianguka tena mwaka huu shule haitampokea.

Nilikwenda kule na fimbo. Sitaficha, nilitaka kumpiga mbele ya watu. Nilimkuta amesimama nyuma ya kijana mmoja mkubwa aliyekuwa anafungwa magoli, akimwelekeza.

"Weye unakimbia na mupira kama kuku! Pasi kwanza, halafu piga. Rudia. Rudia tena!"

Kijana alirudia mpaka akafunga. Mimi niliishia darasa la nne, na hakuna aliyewahi kunifundisha kwa subira ile. Nilirudi nyumbani na fimbo yangu.

Kesho yake, tukigeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juani, nilimwambia: "Kucheza utaenda. Lakini kwanza unifundishe hesabu ya leo, kama unavyofundisha yule mukubwa. Nikikosa, hauende."

Alicheka. "Mama, weye? Basi nitazeekea hapa!"

Nusura iwe kweli. Nilishikilia kwamba moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya tano, kwa sababu nane inapita tano.

"Mama, samaki moja, batu nane. Samaki ileile, batu tano. Wapi batashiba?"

"Wale watano."

"Ee! Goli!"

Siku nyingine nilikosa, akabaki nyumbani amenuna. Siku moja alinishtaki kwamba nimekosa makusudi. Ilikuwa kweli. Nilimwomba msamaha, akaenda zake kucheza. Lakini ili anieleweshe mimi, ilibidi aelewe yeye. Akaanza kubaki shuleni baada ya masomo kumuuliza mwalimu.

Mwisho wa mwaka ikafika siku ya proklamasyo, mkuu wa shule anaposoma uwanjani majina ya waliopita, wa kwanza hadi wa mwisho. Dada ya marehemu alinizuia mlangoni.

"Mujane anaenda wapi pale batu banapiga makofi? Kaka yangu hajamaliza hata mwaka."

"Ninaenda kusikia jina lake," nilimjibu. Mtoto huyo anaitwa kwa jina la baba yake.

Nilisimama nje ya ua wa shule, peke yangu. Wa kwanza akasomwa, wa tano, wa kumi. Wa kumi na nne alikuwa yeye.

Makofi sikupiga. Yeye alipasua katikati ya watu, akaja mbio mpaka kwenye ua.

"Mama, tumepita!"

Alisema tumepita. Nilirudi nyumbani kwa barabara kubwa, katikati, watu wakiniangalia na nguo zangu nyeusi.