Fremu ya Nne Ukutani

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuamini kwamba kitu kikishaingia kwenye kompyuta yangu, basi ni changu.

Nilijifunza kuandika programu peke yangu, Kitale, kwa vitabu vya kuazima na diski ya sidii aliyoninakilia rafiki yangu wa Bungoma. Ndani ya sidii hiyo mlikuwa na hifadhidata, yaani ghala ambamo programu huweka kumbukumbu zake zote. Ilikuwa mali ya kampuni ya ng'ambo na ilihitaji leseni. Sikuuliza. Nilikuwa na hofu nyingine: kama safu za tarakimu zimenyooka, kama rangi ya kitufe haiumizi macho. Niliweza kupoteza asubuhi nzima nikisogeza neno moja kushoto, kisha nikilirudisha.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye maduka mawili ya mbegu na dawa za mifugo, moja Kitale, jingine Bungoma. Sote tulimwita Mama. Alitaka kujua, bila kupekua vitabu, mifuko mingapi ya mbegu imebaki na chanjo ipi inakaribia kuharibika. Nilimwandikia programu kwa miezi miwili. Siku niliyoiwasha katika duka la Kitale, alicheka kwa furaha, kisha akanionyesha ukuta. Palikuwa na fremu tatu za kioo: kibali cha kanjo, yaani baraza la mji, leseni ya mbegu, leseni ya dawa. Kando yake palikuwa na fremu ya nne, tupu.

"Hiyo nimenunua jana," akasema. "Leseni ya hii programu iko wapi, nitundike?"

"Inakuja, Mama."

"Ikuje haraka. Kwa duka yangu hata dawa ya kupe haiuzwi kama hakuna karatasi kwa ukuta."

Nilikwenda saiba, duka la intaneti, nikamwandikia wakala wa Nairobi. Hifadhidata ilikuwa na bei yake, na juu ya hiyo, kila kompyuta iliyoitumia ililipiwa peke yake. Mama alikuwa na kompyuta tatu. Jumla ilizidi ujira wangu, ikazidi hata bei ya kompyuta zenyewe. Nilijua nikimtajia ataghairi, nami sikuwa na mteja mwingine wala kazi nyingine ya kumwonyesha mtu.

Ndipo nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio huniwaka moto. Niliitengeneza leseni mwenyewe. Nilibuni namba, nikaweka saini, nikachora maua pembezoni. Muhuri pekee ulinichukua alasiri nzima hadi ulipokaa sawa. Aibu zaidi ni kwamba niliipenda. Niliiona kuwa kazi yangu bora.

Alhamisi Mama alikuwa Bungoma, nikampelekea huko. Karani wake, mtu mzima mwenye mzaha mwingi, aliipokea kwanza akaiinua kwenye mwanga.

"Wacha bana! Hata ya kanjo haijapendeza hivi. Si hii ni cheti ya harusi?"

Mama alivaa miwani. Aliitazama kwa muda mrefu, kama alivyotazama kila pakiti ya mbegu iliyoletwa na mtu asiyemjua. Kwetu, msimu wa kupanda ukikaribia, hutokea watu wanaopaka rangi mahindi ya kula, wakayafunga vizuri na kuwauzia wakulima kama mbegu. Mama aliwatambua kwa pakiti zao. Zilikuwa safi kupita kiasi.

"Nani amesaini hapa?"

Nilikuwa na jibu la uongo tayari. Nililifanyia mazoezi njia nzima kutoka Kitale.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Yote nimetengeneza mimi." Nikamweleza habari ya sidii, ya bei, ya hofu yangu.

Mama akaikunja ile karatasi mara nne.

"Kijana, hii ni mahindi ya kula umepaka rangi."

"Ndiyo, Mama."

"Na hakuna ingine, ya bei ya mkulima?"

Ilikuwepo. Niliijua tangu zamani, hifadhidata iliyoandikwa na watu waliotawanyika duniani wakaigawa bure. Niliidharau kwa sababu sikuamini kwamba cha bure kinaweza kuwa kamili.

"Iko ya bure. Lakini nitaandika karibu yote upya."

"Si uandike! Sisi turudi kwa vitabu kwanza."

Niliandika upya kwa wiki sita. Safu moja ilitoka imepinda kidogo kwenye printa ya Bungoma. Nikaiacha ilivyo, na usiku huo nililala vizuri. Kisha nikachapisha leseni ya ile ya bure, ukurasa mmoja wa Kiingereza, herufi ndogo, bila ua hata moja. Mama alikuja Bungoma na fremu yake ndani ya kikapu. Karani akamtafsiria.

"Ati mtu yeyote anaweza kutumia, anakili, agawie mwingine, bora asifute hii maandishi. Majina ya wenyewe iko hapa juu." Akaigeuza nyuma kutafuta zaidi. "Lakini Mama, sura yake ni mbaya kweli."

"Lete hapa," akasema Mama, akifungua fremu. "Sasa hii naamini."

Siku hizi mimi husoma leseni kabla ya kuandika mstari wa kwanza, na humwambia mteja bei yake siku ya kwanza.