Gudiwili ya Bucha ya Burma

Kaka yangu mkubwa aliendesha lori la kwenda Malaba, mpakani, miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote alilala kitandani mwake, nikihesabu kwa ukarimu, siku nne. Mgongo ulianza kumnung'unikia. Mkewe naye alikuwa amemaliza kunung'unika na sasa ananyamaza, jambo ambalo kila mume anajua ni baya zaidi. Basi Jumatano moja, katikati ya miaka ya tisini, aliingia nyumbani kwangu mtaa wa Jericho, Nairobi, bila hodi na kusema amepata bucha katika soko la Burma.

"Mwenyewe ni mzee wa kwetu, anarudi Machakos kulima. Anataka laki moja. Hiyo laki ninayo, ndiyo yote niliyoweka tangu nianze kazi. Ikipotea narudi kwa steringi mpaka nizikwe nayo. Wewe si ulienda ngumbaru? Kuja uangalie hesabu."

Haikuwa ngumbaru, ile ya watu wazima kufundishwa kusoma. Yalikuwa masomo ya jioni ya uwekaji hesabu, mihula miwili mizima, katika ukumbi wa mtaa ambapo upande wa pili wa ukuta kwaya ilifanya mazoezi, hata leo nikisikia "debiti" nasikia na sauti ya pili ikiitikia. Cheti changu kilikuwa kikubwa kama mlango. Nilikuwa nimekitundika mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kukigonga na kichwa.

Alhamisi, nikitoka kazini kwangu stoo, nilikwenda Burma na kaka, daftari mkononi. Mzee alikuwa mfupi, mnene, sauti imekwaruzwa na moshi wa nyama choma. Nikamwomba anitajie anachouza. Gogo la kukatia nyama, shoka, visu vitano, mizani, jiko, mabenchi, na friji iliyokuwa ikikohoa kuliko wagonjwa wote wa wodi ya kifua. Nikavipa bei: elfu hamsini na tano. Wateja waliokula kwa mkopo, na ambao wangemlipa kaka, elfu tano. Hiyo yote ni mali, sitini. Kisha kulikuwa na elfu kumi ambazo bucha ilidaiwa na muuzaji wa ng'ombe, nazo kaka angezirithi pamoja na gogo.

"Mali, toa madeni," nikasema kwa sauti ya mwalimu. "Elfu hamsini."

"Sawasawa," mzee akasema.

"Na wewe wataka laki. Hiyo hamsini nyingine ni ya nini?"

"Gudiwili."

Alitamka kana kwamba ni jina la ng'ombe wake.

Nairobi nzima ilijua gudiwili. Ilikuwa pesa ya kumpa anayehama kibanda kabla hajafungua kufuli, na hakuna aliyeuliza inanunua nini. Lakini mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba neno hilo lina maana yake vitabuni: ni ile tabia ya wateja kurudi palepale. Huandikwa pamoja na mali, ingawa haipimwi kwa mizani. Mali isiyoshikika.

Nikamweleza kaka njiani.

"Isiyoshikika?" Alisimama katikati ya barabara. "Elfu hamsini zangu zinashikika, bwana. Nilizishika mwenyewe, Eldoret, Bungoma, na mvua!"

"Kama wateja watakurudia, ni mali."

"Na wasiporudi?"

Hilo swali halikuwa kwenye mtihani. Na mzee alitaka jibu Jumapili jioni, kwa sababu kulikuwa na mnunuzi mwingine kutoka mtaa wa Tena, mwenye pesa tayari ndani ya soksi.

Ijumaa sikufanya kazi hata ya senti. Mtu alikuja stoo kuomba misumari nikampa rangi ya kijani, akaja wa rangi nikamwuliza anataka inchi ngapi. Usiku niligeuka kitandani mpaka mke wangu akanishauri nikalale Burma.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye benchi la mzee na kalamu. Kila mteja, mstari mmoja. Nilihama kiti mara tisa. Nilisimama, nikaketi, nikanywa supu ndoo mbili, nikasimama tena. Kufikia saa saba nilikuwa na mistari themanini na mitatu, na kaka akachungulia daftari akitabasamu kama bwana harusi.

Lakini mimi nilikuwa nimeanza kusikia wanachosema hao themanini na watatu.

"Mzee, kama ya jana."

"Mzee, mama yao amejifungua."

"Basi chukua maini," mzee akajibu bila kuuliza, shoka likishuka. "Na mifupa ya supu, hiyo ni yangu kwake."

Hakuna aliyetaja kilo. Hakuna hata aliyetazama mizani.

Nikamvuta mzee kando. "Nenda ukanywe chai nusu saa. Mwachie kaka koti."

"Mbona?"

"Nataka kupima kitu."

Akacheka, akavua koti jeupe, akaenda. Koti lilimfika kaka kiunoni. Mteja wa kwanza alifika, akamtazama juu mpaka chini.

"Mzee yuko wapi?"

"Karibu, ndugu, nikukatie wapi?"

"Nitarudi." Akaingia bucha ya jirani. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa mama mmoja mwenye kikapu, akamwambia kaka, "Wewe unashika hilo shoka kama gia ya lori," naye akaenda zake. Katika nusu saa walikuja kumi na mmoja na kununua wawili, mmoja wao akiwa mgeni aliyepotea njia ya Gikomba.

Kaka aliketi juu ya gogo. Jasho lilimtoka kana kwamba yeye ndiye anayechomwa. "Basi nimekwisha," akasema. "Hao si wa bucha. Ni wake."

Mzee aliporudi nilimpa nilichopata, mstari kwa mstari. "Gudiwili unayo, mzee, tena kubwa kuliko unavyosema. Shida ni kwamba ukipanda gari ya Machakos, unapanda nayo."

"Kwa hiyo mwataka kuninunua mimi? Mimi siuzwi, kijana."

"Hatukununui. Tunakulipa elfu hamsini leo kwa vitu. Halafu kaa wiki nane hapa kando ya kaka, umkabidhi watu mmoja mmoja. Kila Jumamosi tunakulipa elfu tano za gudiwili."

Akapiga hesabu kwa vidole. "Hiyo ni arobaini. Mwanipunja kumi."

"Kumi ni ya wale ambao hawatakubali kukabidhiwa."

Mzee akamgeukia kaka. "Huyu ndugu yako ana mdomo. Haya. Lakini mahindi yangu yakioza shambani, mtakula nyinyi."

Wiki nane hizo sijawahi kuona shule kama ile. Mzee alisimama nyuma ya bega la kaka akinong'ona: huyu mbavu, huyu hana meno, mkatie laini na usimcheke, huyu ni Mwislamu, usithubutu kumkatia kwa kisu kilichogusa nyama isiyo halali, muoneshe muhuri wa machinjio, huyu atasema atalipa mwisho wa mwezi, na atalipa, lakini yule pembeni yake hatalipa hata dunia ikiisha. Nami niliandika kila neno, kurasa thelathini.

Mzee aliondoka. Jumamosi iliyofuata nilienda tangu alfajiri na daftari. Nilianza mistari. Baadhi hawakuja, kweli, niliwatafuta kwa macho mpaka shingo ikauma. Nilikuwa bado nabishana na nafsi yangu kama elfu arobaini nzima ya gudiwili iandikwe au niipunguze iwe thelathini na tano, nikafuta, nikaandika, nikafuta, kaka alipopiga kelele toka kwenye gogo, damu mpaka viwikoni:

"Wewe mhasibu! Andika unavyotaka, lakini nyanyuka hapo. Watu wamesimama na sahani, na wewe umekalia kiti cha mteja."