Kichwa Alichokikwangua Bibi

Juzi, katika chumba cha kuhifadhia michoro chuoni, nilinusa wino wa masizi na kafuri. Nilimkumbuka Bwana Shen, mtu niliyemdharau utotoni kwa moyo mkunjufu kabisa.

Alikuwa mchoraji Mchina aliyepanga chumba kwetu Mambrui, mtu mzima aliyewaamkia hata watoto "shikamoo". Bahari aliipa mgongo, akachora milima: milima yenye ukungu na misonobari, ambayo machoni pangu ilikuwa mirundo ya jivu. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alitueleza kuwa mlima ule ni wa mwalimu wake, naye mwalimu aliupokea kwa mwalimu wake. Kwao mkono hufundishwa na mkono uliotangulia. Ami Athumani, ndugu mdogo wa baba, alisema kumbe kwao wizi hurithiwa.

Nyumba yetu ilikuwa ibomolewe, na Bibi, mama yake baba, ahamie Barani kwa Ami. Hakuomba kitu ila kimoja: Bwana Shen amchoree ile nyumba, aondoke nayo.

Picha ikaja. Milima imetanda karatasi nzima, nyumba yetu chini yake kama kibiriti. Mlangoni, mdogo kama siafu, mwanamke ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mlima huu ameutoa wapi," Ami aliuliza, "na Mambrui hata kichuguu ni cha kutafuta?"

"Mlima si neno," Bibi alisema. "Huyu mwenye kichwa ndiye sitakaa naye chumba ninachoswalia. Nipeni wembe."

Akakikwangua kichwa kile taratibu, mchoraji mwenyewe akitazama. Tulicheka sana. Bwana Shen aliinamisha uso, nami nikaona amepata stahili yake.

Uchoraji huo sasa ndio masomo yangu, na nimeuchunguza kwa uangalifu unaokaribia ugonjwa. Nimeiona milima ya walimu wake, misonobari yao, ukungu wao, hata mtu wao mdogo, ambaye aghalabu ni mzee mwenye bakora anayevuka daraja. Mwanamke anayekuna nazi sijamwona popote. Katika karatasi nzima, Bwana Shen alikuwa ameona kitu kimoja tu kwa macho yake, naye ni Bibi.

Hilo lilitosha kunitikisa, lakini sikuweza kuacha kufikiri. Kwetu, picha ya kiumbe ikiondolewa kichwa huweza kukaa nyumbani. Asiyeitaka picha huitupa, hahangaiki na wembe. Bibi aliitundika Barani mpaka alipofariki. Kicheko kilikuwa chetu peke yetu. Yeye alikuwa akiihalalisha nyumba yake.