Baiskeli Isiyobeba Kahawa

BUSIA, 1977 – Saa moja asubuhi, na Barnabas Bwire ameinama nyuma ya baiskeli yake, anakaza nati za kiti cha abiria. Ng'ambo ya kizuizi watu wameanza kutoka Uganda: akina mama wenye mabunda vichwani, mzee aliyevaa koti juu ya koti.

"Boda! Boda!" vijana wanaita, wakisukumana.

Bwire haiti. Abiria wanaomfikia ni wale walioachwa na wenzake: mwenye mguu mbovu, mwenye watoto watatu, asiye na kitu mfukoni.

"Mama, nenda kwa huyo mzee," kijana mmoja anamwambia mama mgonjwa, akicheka. "Yeye hulipwa mbinguni."

Bwire anamsikia. Anapangusa kiti kwa kiganja, anamsaidia mama kupanda, anaondoka.

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, Msamia wa Sigalame. Kazi hii aliianza pamoja na rafiki yake Ojwang, wakati hao wawili walikuwa na pampu moja tu ya kujazia upepo. Magari hayakuwa yakivusha watu kati ya vizuizi viwili vya mpaka, na kipande hicho cha barabara kiliwalisha wote.

Kisha bei ya kahawa ikapanda, na mji ukageuka. Magunia yalianza kuvuka kutoka Uganda kwa baiskeli, kwa punda na kwa vichwa vya watu. Gunia moja likivushwa humpa mwendeshaji zaidi ya anachopata Bwire kwa wiki nzima ya abiria wa shilingi mbili mbili. Vijana wakanunua redio na viatu vya soli ndefu. Ojwang leo ana pikapu mbili na nyumba ya mawe.

Bwire alikataa.

"Hiyo kahawa ni ya mtu," anasema. "Kuna mkulima huko amenyang'anywa, ama amepigwa akilinda. Mimi nimeokoka. Nikibeba, Jumapili nitaimba nini?"

Lakini hata Jumapili zikawa ngumu. Ojwang alinunulia kanisa mabati ya paa, akapewa kiti cha mbele. Bwire, aliyekuwa mzee wa kanisa, alisimama mkutanoni akauliza pesa za mabati zimetoka wapi.

"Mwenyekiti aliniuliza, 'Ndugu Bwire, wewe unataka tunyeshewe?' Watu wakacheka. Wiki iliyofuata sikuwa mzee wa kanisa tena."

Mkewe, Petronilla Alupo, Mteso wa Angurai, hakumlaumu wakati huo. Kulikuwa na siku walizokula mara moja tu, na majirani walimwita mke wa mjinga. "Mimi nilimheshimu," anasema. "Nilijua nimeolewa na mtu."

Ikaja Aprili, na mvua.

Asubuhi moja Roselida, binti yao wa pekee, mwenye umri wa miaka mitano, aliamka na homa kali. Zahanati ya mjini ilikuwa imeishiwa dawa. Mwuguzi akawaambia wampeleke hospitali ya misheni, safari ya saa tatu kwa baiskeli katika matope. Bwire akakimbia kwa fundi karibu na mpaka kuziba tairi, arudi mara moja amchukue mtoto.

Pale mpakani alimkuta mwanamke ameegemea ukuta, kitoto kichanga kifuani. Alikuwa amejifungua njiani akikimbia kutoka Uganda, na damu ilikuwa bado inamtoka, imefika hadi miguuni. Waendesha baiskeli walimtazama, wakageuza nyuso. Magunia yalikuwa yanawangoja.

Pikapu ya Ojwang ilikuwa inajiandaa kwenda upande uleule wa hospitali. Bwire akamweleza rafiki yake kuhusu homa ya Roselida, akamsihi ampakie yule mwanamke.

"Damu ndani ya gari yangu?" Ojwang akajibu. "Mtoto wako ni mtoto wangu, huyo nitamchukua. Huyu simjui."

Akamwita dereva, akamwagiza mbele ya Bwire: mama Roselida atakuwa kando ya barabara na mtoto, wachukue.

"Nilisimama hapo," Bwire anakumbuka. "Nikasema, Roselida ana mama, ana baba, sasa amepata gari. Huyu hana mtu. Nikimwacha atakufa hapa watu wakiangalia."

Akampelekea Alupo ujumbe atoke na mtoto hadi kando ya barabara. Kisha akampakia mgeni, akamfunga kwa shuka asianguke, akaanza kukanyaga.

Pikapu ilikuja. Nyuma ilikuwa imejaa magunia chini ya turubai, na mbele, kando ya dereva, walibanana wanaume wawili, wenye mzigo huo.

"Niliinua mtoto juu ili waone," Alupo anasema. "Dereva alipiga honi, akapita."

Dereva alieleza baadaye kwamba wenye mzigo walimharakisha, kwamba alikusudia kurudi. Degedege lilimshika Roselida palepale kando ya barabara. Alifia mapajani mwa mama yake kabla ya adhuhuri.

Bwire alirudi jioni akiimba. Damu ya yule mwanamke ilikuwa imekata, mtoto wake ananyonya. Alikuwa amefika karibu na nyumba yake aliposikia vilio.

Ojwang alileta mbao za jeneza na gunia la sukari. Hakuwa mtu mbaya siku hiyo. Alilia na wengine. Lakini kaburini alimshika Bwire bega, akasema: "Ungebeba kahawa mwaka mmoja tu, ndugu yangu, ungekuwa na gari yako mwenyewe."

"Nilitaka kumjibu," Bwire anasema. "Lakini ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo inanimaliza. Ilikuwa kweli."

Matanga yalipokwisha, Alupo alifunga nguo zake akarudi kwa wazazi wake Angurai. Mwandishi wa habari hii alimkuta huko akipalilia karanga. Hakuacha jembe alipokuwa akizungumza.

"Alikuwa anasema Mkristo ni mtu wa kujikana. Sawa. Lakini kile alichotoa siku hiyo hakikuwa chake peke yake. Msalaba ulikuwa wake, mgongo ulikuwa wangu."

Alipalilia mstari mzima kabla ya kuendelea.

"Sisemi angemwacha yule mama. Ningekuwa pale, labda mimi mwenyewe ningemwambia, mbebe. Lakini hakuniuliza."

Yule mwanamke alitoka hospitalini akaendelea na safari yake, hakuna ajuaye wapi. Hakuwahi kujua habari za Roselida. Bwire alikuwa amemtembelea hospitalini mara moja, lakini hakumwambia. "Ana mtoto mchanga na hana kwao," anasema. "Hiyo angeibeba na nini?"

Kahawa bado inavuka. Bwire bado anabeba wasio na nauli, ingawa haimbi tena, na kanisani huketi nyuma, karibu na mlango. Anapoulizwa kama bado anaomba, anatikisa kichwa, si kukubali, si kukataa. "Naomba. Ni kama kubisha kwa nyumba ambayo watu wamehama."

Mbona basi asiache?

"Nikiacha, Roselida atarudi?"

Mwandishi alikuwa na ujumbe mmoja wa kumfikishia kutoka Angurai. Alipoagwa shambani, Alupo alisema, bila kuinua macho: "Mwambie akija, asikuje na mahubiri."

Bwire anausikiliza akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Alisema nije?"

"Alisema ukija."

Analifikiria neno hilo. Lori linapita, vumbi linawafunika wote wawili, yeye hajifuti.

"Nikija," anarudia polepole. "Hiyo si 'njoo'." Kisha anaongeza: "Lakini pia si 'usikuje'."

Jumapili hii, anasema, hatakwenda kanisani. Ataondoka mapema kwenda Angurai, na akifika hatasema kitu. Kama kuna jembe la pili, atalichukua.